Silikoni ya gasketi inagoma kukauka na hili baridi la nyanda za juu: fanya hivi hatua kwa hatua

Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8 huku kwetu kazi za sampu (bakuli la oili chini ya injini) na taiming kava (mfuniko wa mbele wa injini) zinarudi gereji balaa. Gari limefunguliwa vizuri, limesafishwa, silikoni (ile gundi ya mpira ya kuziba viungo) mpya kabisa, mwenye gari kaondoka nalo jioni anafurahi, asubuhi anakuta doa la oili chini na sampu inatiririka. Hapo fundi atasema silikoni ilikuwa feki, muuza spea ataapa mzigo wake ni orijino, na mwenye gari atasema fundi kalipua. Feki zipo kweli na kulipua kupo, ila mara nyingi kilichotokea ni kwamba silikoni ilikuwa bado mbichi wakati injini inawashwa, kwasababu hakuna aliyeiweka baridi kwenye hesabu ya muda.

Hii ni kwa wanaojitengenezea magari yao wenyewe nyumbani na kwa vijana wa gereji za Mbeya, Tukuyu, Makete, Njombe, Mafinga na Iringa. Wa Kyela mnaweza kusoma kwa kujifurahisha tu, kule ziwani joto linafanya kazi yenyewe.

Kwanza elewa inakaukaje

Rangi inakauka kwa kutoa thina. Silikoni ya tyubu ni kinyume chake, yenyewe inakauka kwa kuvuta unyevu uliopo hewani. Unyevu unaingia kutoka nje kwenda ndani, unakutana na kemikali iliyomo, na pale unapofika ndipo panageuka mpira. Ile harufu kama ya siki unayoisikia kwenye baadhi ya tyubu ni mvuke unaotoka wakati hiyo kazi inaendelea, kwahiyo kama bado inanuka siki jua bado haijamaliza.

Sasa angalia baridi inavyotuharibia. Ule muda wa masaa 24 ulioandikwa nyuma ya tyubu umepimwa kwenye nyuzi kama 23 mpaka 25 na unyevu wa hewa kama asilimia 50. Uyole au Igawilo alfajiri ya mwezi wa 7 uko chini ya nyuzi 10, Kitulo unakuta barafu kwenye majani. Kwa makadirio ya kawaida ya kemia, joto likishuka nyuzi 10 kazi inakwenda kwa nusu ya mwendo, yaani ya masaa 24 kwenye nyuzi 25 inakuwa masaa 48 kwenye nyuzi 15, na ukishuka mpaka nyuzi 5 unaongelea siku 4. Hayo ni makadirio, sio sheria, ila yanakupa picha.

Na kuna kitu wengi hawakijui, hewa ya baridi yenyewe inabeba maji machache. Hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba gramu kama 23 za maji kwenye mita moja ya ujazo, ya nyuzi 10 inabeba gramu 9 na kidogo basi, hata kama imejaa kabisa. Alafu Mbeya mjini na Iringa kipupwe ndio kiangazi chetu, hakuna mvua, upepo mkavu unaopasua midomo. Kwahiyo silikoni inapigwa mara mbili, inapoa na inakosa maji ya kuvuta. Wa Tukuyu na Rungwe kwa ujumla mna nafuu kwenye unyevu maana ukungu na manyunyu haviishi, nyie adui yenu ni baridi na umande, umande nitaurudia chini.

Jambo la mwisho kwenye hii sayansi ni kina. Kwenye hali nzuri unyevu unapenya kama milimita 2 mpaka 3 kwa masaa 24. Silikoni iliyobanwa katikati ya vyuma viwili haipati hewa juu wala chini, inapata pembeni tu kwenye ule mstari mwembamba, wakati flanji ya sampu (ule ukingo bapa wa kufungia bolti) ina upana wa milimita 10 na zaidi. Kwahiyo ukipitisha kidole pembeni ukaona imekuwa mpira, ulichogusa ni ngozi, katikati bado uji. Kwa sampu hiyo ngozi ikiwa nene vya kutosha inatosha kuanza kazi kwasababu ndani ya sampu hakuna presha ya maana, ila ikiwa nyembamba oili ya moto na mtetemo wa injini vinaichana ndani ya nusu saa. Kwa sehemu za maji ni habari nyingine, mfuniko wa rejeta kwenye magari mengi umeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha ya bar, ngozi peke yake haiwezi. Pampu ya maji na nyumba ya thamostati usizifanyie haraka kabisa.

Tyubu ya kununua

Sitakaa sana hapa. Nyeusi kwa oili, ya kijivu kwa injini za Kijapani zenye flanji za alumini, nyekundu kwa sehemu zenye joto kali, hivyo ndivyo tyubu nyingi zinavyogawanywa, ila soma maandishi usiangalie rangi tu. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa, zile za siki zinakula chuma na mvuke wake ukipita kwenye ekzosi unaharibu sensa ya oksijeni. Angalia tarehe ya kuisha. Minya tyubu dukani ikiwa imefungwa, ikiwa na madonge magumu ndani rudisha. Silikoni iliyozeeka haikauki vizuri hata uipeleke Dar.

Ukishafika nayo nyumbani paka tone kwenye kipande cha bati siku moja kabla ya kazi. Mpaka kesho yake isipogeuka mpira hata ndani ya nyumba yenye joto, hiyo tupa, usiende nayo kwenye gari.

Ratiba ndio dawa yenyewe

Kosa la gereji zetu ni kutaka kufungua na kufunga siku moja. Mteja analeta gari saa 2 asubuhi, anaambiwa "bosi njoo saa 11 utakuta tayari", basi sampu inafungwa saa 10 jioni wakati jua linaondoka, oili inamwagwa saa 11, inawashwa. Yaani imefungwa kwenye saa mbaya kuliko zote na ikalowa oili kabla haijapata hata ngozi. Ukiwa fundi sema tu "bosi nipe siku mbili na nusu, baridi hili silikoni haikubali", anayeelewa atakubali na asiyeelewa atarudi kugombana kwa vyovyote vile.

Mi naigawa hivi.

Siku ya kwanza mchana, kama saa 9, washa injini ipate moto wa kazi, zima, subiri oili ipoe kidogo isikuunguze, mwaga, fungua sampu. Oili ya moto inashuka yote. Oili ya baridi, hasa zile nzito za 20W-50 wanazopenda wenye Hiace za zamani, inabaki imegandamana juu kwenye blok (mwili wa injini) na krenki (shafti kuu inayozunguka ndani) alafu inaanza kudondoka taratibu saa unayopaka silikoni. Hili ndilo linalovujisha kuliko hata baridi yenyewe! Tone moja tu likipita juu ya flanji uliyosafisha, pale silikoni haishiki. Kwahiyo fungua, weka beseni chini, funika na turubai kuzuia vumbi, acha idondoke usiku kucha.

Siku ya pili asubuhi ni ya kusafisha. Kufunga ni kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana. Sio saa 2, sio saa 11 jioni. Ukifunga saa 6 una masaa matano ya joto la mchana kabla ya giza, na hayo masaa ya kwanza ndiyo yanayojenga ngozi.

Siku ya tatu mchana unamimina oili na kuwasha, ikiwa usiku uliipa joto kama nitakavyoeleza. Kama hukuipa, ongeza siku.

Hatua ya 1: kukwangua na kusafisha

Silikoni ya zamani itoke yote. Mpya haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kauka, hata uipake kilo. Kwenye alumini tumia skrepa ya plastiki au kipande cha mti mgumu, kwenye chuma cha sampu skrepa ya kawaida sawa. Usitumie ile diski ya msasa ya kwenye drili kwenye blok, najua inaharakisha kazi, ila unga wake unaingia kwenye oili na kwenda kusaga beringi za krenki, utarudi kufungua injini nzima kwa sababu ya kusafisha sampu.

Angalia sampu ikiwa ya bati, kwenye matundu ya bolti mara nyingi imevutwa ikawa na vidonda kwa kukazwa kupita kiasi. Ilaze juu ya kipande cha chuma bapa, gonga taratibu na nyundo mpaka ilale. Isipolala hakuna silikoni itakayokuokoa.

Kuosha mara ya kwanza osha na chochote unachokizoea, dizeli, mafuta ya taa, petroli, ila kuosha kwa mwisho lazima iwe breki klina au thina na kitambaa cheupe cha pamba, kwasababu zile za mwanzo zote zinaacha mafuta juu ya chuma. Futa mpaka kitambaa kibaki cheupe. Vijana wengi wanaoshea dizeli alafu wanapaka silikoni hapo hapo, sasa hapo umepaka gundi juu ya mafuta.

Hapa kuna mtego wa baridi. Breki klina ikiruka inavuta joto la chuma, chuma kinapoa zaidi ya hewa, na kikipoa kinatoa jasho. Utaona kabisa kama ukungu mwembamba juu ya alumini. Umande wa asubuhi unafanya vile vile, blok ni chuma kizito, inabaki na baridi ya usiku mpaka karibu saa 4 au 5 wakati hewa imeshapata joto, na unyevu wa hewa unakwenda kutua pale. Silikoni inataka unyevu ulioko hewani, maji juu ya chuma haiyataki, yanakuwa kama karatasi katikati yake na chuma. Kwahiyo baada ya kuosha subiri dakika 10 au 15, pitisha kitambaa kikavu, ndio upake.

Hatua ya 2: pasha chuma, pasha tyubu

Sampu yenyewe ni rahisi, iweke juani juu ya bati tangu saa 3, ukiishika saa 5 inakuwa na uvuguvugu mzuri. Blok ni kazi. Kama una umeme chukua balbu ile ya zamani ya waya ya watt 100, sio LED, LED haina joto, au taa ya halojeni, itundike chini ya injini huku umezungushia turubai pembeni, iache nusu saa mpaka saa nzima. Hiyo fanya breki klina ikishakauka na harufu yake imeisha, usiwashe taa ya moto kwenye mvuke wa thina. Unachotafuta ni chuma ambacho ukikiweka kiganja hakikuumi kwa baridi, nyuzi 20 mpaka 30 hivi inatosha. Usikipashe mpaka kikuunguze maana silikoni itajifunga ngozi kabla hujaweka sampu mahali pake.

Tyubu iweke mfukoni kwa ndani ya koti tangu asubuhi, au itumbukize kwenye bakuli la maji ya vuguvugu ambayo mkono unavumilia, mfuniko umefungwa. Silikoni ya baridi ni ngumu kuminya, inatoka vipande vipande, mstari unakatika na wewe hujaona.

Hatua ya 3: kupaka

Mstari mmoja usiokatika, unene milimita 2 mpaka 3, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti na uzungushe kila tundu. Pembe ambapo blok inakutana na taiming kava ongeza tone, pale ndio pana kiungo na ndio panavuja. Mwisho wa mstari upite kidogo juu ya mwanzo wake.

Watu wa nyanda za juu wakiona baridi wanapaka nyingi wakidhani itasaidia. Inafanya kinyume, ikiwa nene inachelewa zaidi kukauka katikati, na inayominyika kwenda ndani inakatika vipande na kwenda kuziba ile chujio ya pampu ya oili. Taa ya oili ikiwaka wiki mbili baada ya kubadilisha gasketi ya sampu, fundi mzoefu anafungua akijua anachokwenda kukuta.

Na kabla ya kufunga, chukua kipande cha bati, kisafishe hivyo hivyo, paka mstari wa unene uleule, weka kipande kingine juu bana na bolti mbili. Kiweke chini ya gari pale pale karibu na sampu. Hiki ndicho shahidi wako, usikipeleke ndani kwenye joto.

Hatua ya 4: kufunga

Weka mapema. Manyuali nyingi za Toyota zinataka sampu iwe imeshakaa ndani ya dakika 3 baada ya kupaka. Baridi inakuongezea dakika kidogo kwasababu ngozi inachelewa, ndio faida pekee ya hili baridi, ila usiitumie kwenda kunywa chai.

Kukaza kuna shule mbili. Tyubu nyingi za dukani zinasema kaza kwa vidole tu mpaka silikoni ianze kutokeza pembeni, subiri saa 1, ndio ukaze robo mzunguko wa mwisho. Watengenezaji wa magari wengi wanataka ukaze moja kwa moja mpaka mwisho. Mimi nagawa hivi, flanji mbili za alumini zilizonyooka, mfano taiming kava ya injini ya 1NZ kwenye Probox na IST, kaza moja kwa moja. Sampu ya bati ya Hiace ya zamani yenye mikunjo, nenda kwa awamu mbili ili ibaki silikoni ya kutosha katikati. Ila ile saa 1 ya kwenye tyubu kwa baridi letu haitoshi, usiangalie saa, gusa ile iliyotokeza pembeni na ukucha, ikibonyea bila kunata ndio wakati wa kukaza.

Bolti za sampu za M6, zile za spana namba 10, ni kama Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 8 mpaka 10 tu, hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono na raketi fupi. Anzia katikati kwenda pembeni, msalaba. Na ukishakaza siku hiyo basi, usirudi kesho yake kukazia, silikoni ikishashika ukiisogeza unaipasua.

Hatua ya 5: usiku wa kwanza

Hapa ndipo kazi inapofia au kupona. Gari kama linaweza kulala ndani ya banda, sawa. Kama ni nje, shusha turubai kuzunguka mbele mpaka liguse chini, weka mawe, uzuie upepo. Alafu ndani yake weka debe la lita 20 la maji ya moto, usilifunike kabisa, acha mvuke utoke. Debe lile linatoa joto masaa kadhaa na linatoa unyevu, vitu viwili ambavyo silikoni inavililia, na gharama yake ni kuni tu. Badilisha maji kama saa 4 usiku kabla hujalala. Kwa Mbeya mjini kwenye hewa kavu ninalipendelea debe kuliko balbu, kwa Tukuyu balbu ni bora maana unyevu tayari upo. Ukiwa na vyote tumia vyote, ila waya na balbu viwe mbali na debe, na balbu isiguse turubai.

Draya ya nywele au hita ya kupuliza moto karibu na silikoni, hapana. Joto kali kavu linafunga ngozi ya nje haraka na ndani pananyimwa unyevu, unapata mpira wenye mapovu.

Na JIKO LA MKAA CHINI YA GARI, HAPANA KABISA. Najua watu wanafanya, hasa madereva wa Fuso za viazi kule juu. Injini imetoka kuoshwa petroli, matambara ya oili yamezagaa, turubai la plastiki limezunguka. Usipoungua utakufa na hewa ya mkaa ukiwa umejilaza chini unaangalia kama imekauka, ile hewa haina harufu na haikuamshi. Chemsha maji mbali huko, lete maji.

Hatua ya 6: lini umimine oili

Fungua kile kibati cha shahidi siku ya tatu mchana, sio asubuhi. Kitenganishe. Kama pembeni ni mpira kwa milimita 3 au 4 na katikati kuna mstari mwembamba bado unanata kidogo, sampu iko tayari kwa oili. Kama ukikitenganisha kinavutika nyuzi nyuzi mpaka karibu na ukingo, funga turubai, chemsha debe lingine, mwambie bosi kesho. Kwa pampu ya maji na thamostati subiri mpaka katikati pasinate kabisa na harufu iwe imeisha.

Kama huna shahidi basi hesabu zangu za tahadhari ni hizi: ukiipa joto usiku, masaa 24 baada ya kufunga kwa sampu na 48 kwa sehemu za maji. Bila joto lolote, Mbeya mjini au Iringa masaa 48 na 72. Njombe, Makete na Kitulo bila joto usifunge, tafuta joto kwanza au tumia njia ya hapo chini.

Mimina oili taratibu, iache bila kuwasha dakika 15, pitisha tambara jeupe kuzunguka flanji nzima. Kavu? Washa, iache sailensa (ingurume bila kukanyaga mafuta) dakika 10, zima, futa tena. Alafu paka poda ya mtoto kuzunguka kiungo chote, zunguka mtaani taratibu, rudi uangalie. Poda iliyolowa inakuonyesha mahali penyewe, maana oili ikivuja juu inatiririka na kukudanganya kwamba inatoka chini.

Kama huna siku mbili

Daladala haiwezi kulala, naelewa. Basi achana na silikoni pale inapowezekana. Nunua karatasi ya gasketi dukani, ile inayouzwa kwa kukatwa, ilaze juu ya flanji yenyewe na gonga kingo zake na nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo mpaka ijikate, matundu ya bolti hivyo hivyo. Hiyo haisubiri baridi wala joto, unafunga unamimina unaondoka. Inafaa kwa difu, giaboksi nyingi na nyumba za thamostati. Haifai pale ambapo kiwandani hawakuweka gasketi ya karatasi, mfano taiming kava ya cheni, ule unene wake unabadilisha mkao wa sili na pampu ya oili.

Kuna pia zile gundi zinazokauka zikikosa hewa, kwa flanji zilizochongwa kiwandani zikalala sawasawa bila nafasi. Hazihitaji unyevu, ila baridi inazichelewesha nazo, na kuna dawa yake ya kupulizia kwanza inayoharakisha. Ni ghali na usizitumie kwenye sampu ya bati.

Kwa wenye malori, kama uvujaji ni wa kuongezea oili tu na sio wa kumwaga, usifungulie sampu Isyonje au Kikondo. Shuka nalo taratibu huku unaangalia kipimo cha oili, fungulia Chimala au Igurusi kwenye joto la Usangu, usiku mmoja kule unafanya kazi ya siku tatu za juu.

Ikivuja tena

Usipake silikoni kwa nje. Haishiki juu ya oili na utamfanya anayekuja baada yako apate tabu ya kukwangua. Tafuta kwanza inapotokea kwa poda, maana inawezekana ni sili ya krenki au oili swichi na umeilaumu sampu bure. Ikiwa kweli ni sampu, mwaga, fungua, na uangalie mpira wenyewe kabla hujaukwangua. Ukiwa umeshika upande mmoja na upande mwingine unabanduka msafi kama plasta, chuma kilikuwa na mafuta au umande. Ukiwa unanata katikati baada ya siku kibao, tyubu imezeeka. Ukiwa umechanika ukiacha mpira pande zote mbili, uliwasha mapema.

Tyubu iliyobaki minya itokeze kidogo kwenye mdomo, iache donge ligande pale kama kizibo, funga mfuniko, weka ndani ya nyumba. Ukiihitaji tena chomoa lile donge na msumari.